Nguvu za Kisandukuni

4 Februari

Mwanangu, Daktari wa Kaunta,

Kifurushi nimekipata na salamu zako nimezipata. Karani wa vifurushi pale ofisi ya basi ameshaacha kuniuliza kilichomo. Akiniona tu anakinyanyua kisanduku chako, anakitikisa, ananiambia, "Mama, njugu zako hizi."

Huku sote tupo. Baba yako hajambo, ila goti lake lina jambo. Ameanza kutembelea fimbo, na anaishika kwa maringo kiasi kwamba watu wanampisha njia. Jirani yangu wa redio amenunua redio kubwa zaidi. Tutalipwa mbinguni.

Sasa kaa chini. Kama uko kaunta, mwambie mteja asubiri.

Vidonge sijavimeza tangu tarehe mbili Desemba. Visanduku viwili ulivyonitumia baada ya hapo vimo ndani ya kopo la vifungo, havijafunguliwa. Nilikwenda zahanati kwa ajili ya kidole nilichojitoboa na sindano ya ngozi. Muuguzi akanipima presha kwa mazoea tu, akatazama kipimo, akakigongagonga, akapima mkono wa pili, akaenda kumwita daktari. Daktari akaniuliza ninameza nini. Nikamwambia cha njano cha aleji na cheupe cha kufungua pua, kila siku, mwaka wa kumi na moja huu. Akaweka kalamu chini. "Hiki cheupe kiache leo," akasema, "na cha njano nacho tukipumzishe. Moyo wako unakimbizwa, mama. Ukiendelea, siku moja utaanguka juu ya hayo makochi yako."

Utaniuliza mbona sikukuambia. Ni kwa sababu barua zako huja zimezungushwa kwenye kisanduku cha dawa, na mpira juu yake. Nikajisemea, dawa ikikoma na barua itakoma. Nani atatuma kifurushi cha kuulizia goti la kaka yangu? Simu unazijua. Tunasema nzuri, nzuri, nzuri, halafu salio linakwisha na hatujasema kitu. Basi nikanyamaza. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, nami nimeona heri nijifichue mwenyewe.

Nimechoka, mwanangu. Uchovu wa kazi naujua, una utamu wake, unakaa mgongoni na ukilala unaondoka. Huu hauna mahali unapokaa. Naamka nao. Asubuhi najikuta ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi, nautazama mguu, na kuuinua naona ni safari.

Na huu si mwaka wa kuchoka. Mwalimu mkuu wa ile shule ya ghorofa amenipa viti vya ukumbi wao, mia na ishirini: kuvua kitambaa cha zamani, kubadili sponji, kuvisha upya. Nilikubali Novemba, nikiwa bado yule Mashine anayeitwa na mtaa, na nikaahidi mwisho wa Juni. Mwenye nyumba naye anakitaka chumba changu cha kazi afungue duka la simu. Amesema wazi kwamba siku akiona kazi imelala, atakichukua. Miaka ishirini na sita nimo mle. Sina chumba kingine wala ufundi mwingine.

Kwa hiyo nakuuliza wewe kama mtu wa dawa, si kama mtoto niliyemfuta kamasi: uchovu huu unaisha lini? Nipe tarehe.

Ni mimi shangazi yako,
Mashine (imezimwa kwa muda)


19 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Umenitia hofu, ukanichekesha, ukanitia hofu tena, yote katika ukurasa mmoja. Hapa hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na anamwonyesha pengo kila mteja anayeingia dukani. Mwenye duka ameongeza rafu mpya ya sabuni, hakuongeza feni. Mwambie Baba fimbo asiinue kwa mtu.

Barua nitatuma hata bila dawa, ulipaswa kulijua hilo. Ona, hii nimeizungusha kwenye mkebe wa mafuta ya kuchulia mgongo.

Umeacha vidonge viwili kwa mpigo, na mwili ulishavizoea. Ndiyo maana umelegea. Tarehe unayoitaka ni wiki tatu, nne tukizidisha. Osha pua kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, asubuhi na jioni. Funga kitambaa puani unapovua viti vile, maana vumbi la ukumbi wa shule ni la vizazi. Lala mapema. Usibebe viti, mwachie Msumari, seremala wako. Na vile visanduku vilivyo kwenye kopo la vifungo, vitupe.

Nguvu zako zitarudi, shangazi. Watu hawakukuita Mashine bure.

Mwanao,
Daktari wa Kaunta


30 Machi

Mwanangu,

Natumaini hamjambo wote na pengo linaendelea kuonyeshwa. Baba yako anakusalimu, goti liko vilevile. Jirani hajambo, redio haijambo pia.

Zile wiki nne zilipita. Nikaziongezea ya tano kwa heshima yako, na sasa ya sita inaingia. Tangu niache vidonge ni wiki ya kumi na saba. Nimefanya yote uliyosema. Msumari, ambaye zamani alikuwa ananikazia miguu ya viti na sasa ananibebea hata mkasi, alinikuta nimeinama na birika puani akaniuliza kama najimwagilia niote. Nilitaka kumjibu. Jibu zuri lilinijia alipokuwa ameshaondoka.

Viti vilivyokwisha ni ishirini na tatu. Zamani nilimaliza vinane kwa siku. Sasa nakianza kimoja asubuhi, navua kitambaa, natoa pini za zamani moja moja, halafu nakaa juu ya sponji mpya nipumzike kidogo tu. Nikija kushtuka, jua limeshahama dirisha. Wiki iliyopita mwalimu mkuu alikuja kutazama kazi. Nilikuwa nimelala juu ya rundo la vitambaa vichafu, mdomo wazi kwa sababu pua haipitishi hewa. Hakuniamsha. Nilikuta kijikaratasi juu ya cherehani, kimeandikwa "Nilipita." Bora angenigombeza.

Zahanati wamenipima kila kinachopimika. Damu nzuri, sukari nzuri, presha imeshuka, daktari amefurahi utadhani ni yake. "Mama, wewe ni mzima." Nikaona aibu kuwa mzima. Ningekuwa mgonjwa ningekuwa na la kuwaambia watu. Baba yako anasema ni uzee, kisha anacheka, "Au zile zilikuwa nguvu za soda, dada." Alisema kwa utani, kama tunavyotaniana siku zote. Neno lenyewe limeniganda.

Nina swali moja. Nakuomba ujibu hili, mengine yaache. Unakumbuka nilianza lini kuitwa Mashine? Mimi nakumbuka. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kawaida, viti vitatu kwa siku, na baada ya chakula cha mchana najinyoosha kidogo. Halafu vumbi la makochi likataka kuniua kwa chafya, na wewe ukaniletea vile vidonge likizo yako ya kwanza ya chuo. Kufikia mwisho wa mwaka mtaa mzima unaniita Mashine.

Je, nguvu zile zilikuwa zangu?

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mtoto alishikwa na homa, kisha mwenye duka akasafiri akaniachia funguo, kisha tukahesabu dawa zote za dukani siku tatu mfululizo. Sasa mtoto hajambo, jino moja limechungulia.

Nimekutumia vidonge vya kuongeza damu na vitamini, kimoja kimoja baada ya chakula. Usivimeze na chai. Kuhusu viti, nimewaza: kuna yule fundi wa barabara ya juu mwenye bunduki ya pini ya umeme. Mpe viti arobaini akusaidie. Hiyo si aibu, hata mafundi wakubwa hugawana kazi. Likizo nimeomba, naambiwa mpaka Julai.

Jikaze kidogo, shangazi, lakini usijilazimishe. Najua maneno hayo mawili yanagombana. Kila asubuhi nikifungua duka nakuwaza.

Mengine uliyouliza tutazungumza nikija. Kwa sasa la muhimu ni kupumzika.

Mwanao


20 Mei

Mwanangu,

Utanisamehe salamu. Wote wapo.

Vitamini nimemeza. Viti thelathini na kimoja. Fundi wa barabara ya juu amesema anataka vyote au asiguse hata kimoja. Mwenye nyumba amekuja na kamba ya kupimia. Akapima upana wa mlango, na mimi nimekaa mle ndani.

Hukujibu.

Shangazi


28 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo barua hii sikuizungusha kwenye kitu chochote.

Jibu ni hapana. Hazikuwa zako, au hazikuwa zako zote. Mpaka wake sijui uko wapi, na sidhani kuna kipimo cha kuuonyesha.

Nilijua mapema. Mwaka ule wa kwanza, mwenye duka niliyefanya kwake mazoezi alinionyesha madereva wa malori wanaokuja kununua kile cheupe, hawana hata kamasi. "Hawa hawana mafua," akaniambia. "Wana safari." Nikacheka. Likizo iliyofuata nikakukuta umemaliza makochi ya watu wawili kabla ya chai ya saa nne, unaimba, unanituma uzi mweusi kwa sauti ya mwalimu wa michezo. Nikaelewa palepale, nimesimama mlangoni na begi begani. Nikafungua kinywa nikuambie. Ukanipa bahasha ya karo ya muhula. Nikakifunga.

Tangu hapo, kila kisanduku nilichokutumia nilijua ninatuma nini. Nadhani barua nilizizungusha pale ili nisilione jina la dawa. Ukiniuliza kama ulikuwa upendo, nitasema ndiyo, na sitakuwa nimedanganya. Lakini ilikuwa karo pia, na karo ilipokwisha yalikuwa mazoea, na kila mtu alikuwa anakusifu, na Baba alikuwa anajivuna kwa ajili yako mpaka kwenye misiba. Ningeanzia wapi?

Na zile wiki tatu nilikudanganya. Wapo wanaopona kwa wiki tatu. Aliyevimeza miaka kumi na moja, sijui. Huenda yule fundi wa viti vitatu kwa siku atarudi. Huenda naye alizeeka huko alikokuwa na hana nguvu za kurudi. Sina tarehe ya kukupa, shangazi. Sikuwahi kuwa nayo.

Nakuomba jambo moja. Lile kopo la vifungo. Nilikwambia uvitupe vile visanduku, na katika barua zako zote mbili hukunijibu. Tumefundishana tabia. Vitupe chooni leo, Msumari asimame hapo ashuhudie. Moyo umepumzika karibu miezi sita, ukija ukakimbizwa tena ghafla, sitaki kuimalizia sentensi hii.

Nakuja tarehe thelathini Juni, mwenye duka akubali, asikubali.

Mwanao (udaktari niondolee)


21 Juni

Kwa mwanangu mpendwa, Daktari wa Kaunta (nitakuita nipendavyo, jina nililitoa mimi),

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine ya akiba, maana nilikupunja zilizopita. Natumaini barua hii itakukuta umesimama imara, wewe na mjukuu wangu wa mapengo, na huyo mwenye duka wako mwenye roho ya korosho.

Baba yako hajambo kabisa. Nilimwambia ile fimbo inamzeesha, sasa akiona wageni anaificha nyuma ya mlango, halafu anashindwa kuinuka kuwaaga. Redio ya jirani imeungua, na yeye ndiye anayelalamika kwamba kimya kinamnyima usingizi. Msumari amemwoza binti yake wa mwisho. Alilia kuliko mama wa bibi harusi, tulipomtazama akasema ni vumbi la mbao. Nikamwambia vumbi nalijua mimi, hilo halifiki kanisani wala msikitini. Watu walicheka mpaka mpiga picha akatetemesha picha.

Chumba cha kazi nimekipaka chokaa. Dirisha nimelifuta. Kopo la gundi lililoganda tangu Aprili nimelitupa, na mikasi nimeipanga kwa urefu kama wanafunzi mstarini. Mwalimu mkuu alikuja Jumanne, akakalia viti vitano kimoja baada ya kingine, akajirusharusha kidogo alipodhani sitazami, kisha akasema, "Mama, sikujua umepona." Viti mia na tisa viko tayari. Mwenye nyumba alipita na kamba yake ya kupimia. Nikamwomba aniazime, nikapimia sponji.

Umeona barua ilivyo ndefu. Umeona mwandiko ulivyonyooka. Nadhani ulishajua kwenye marahaba ya tatu.

Barua yako niliisoma kwa siku mbili, kwa sababu siku ya kwanza nilichoka katikati. Nilitaka kukukasirikia, lakini hasira nayo inataka nguvu. Nikasema haya, mtoto ameomba, nitavitupa. Nikamwaga vifungo vyote mezani, nikavichukua visanduku, nikaenda navyo mpaka mlango wa choo. Nikasimama pale muda ambao mtu husubiri mwenzake atoke. Halafu nikarudi navyo.

Nameza kile cheupe tu. Nilianza na kimoja asubuhi, sasa ni vitatu kwa siku. Siku ile ya kwanza, baada ya saa moja hivi, pua ikafunguka. Nikasikia harufu ya gundi, na ya mbao mbichi za Msumari, na ya sabuni kwenye kola ya nguo yangu mwenyewe. Nililia, mwanangu. Kisha nikashika koleo nikaanza kung'oa pini.

Unasema nguvu hazikuwa zangu. Nimelifikiria sana neno hilo, maana sasa kufikiri naweza. Naona yule wa bila dawa ndiye mimi, na mimi simtaki. Nimekaa naye miezi sita. Hana utani, hali ya mtu haulizi, na hata wewe alishaanza kukuona mzigo wa kuandikia. Kama huyo ndiye mimi, basi miaka kumi na moja hii watu wamempenda mwingine, baba yako, mtaa mzima na wewe. Siwalaumu. Hata mimi nilimpenda yule zaidi, na sikupata nafasi ya kumuaga.

Karo usiitaje tena. Nililipa nikiimba. Utamtafuta mtu mwingine anayelipa karo akiimba, hutampata.

Sitakuficha, kwa kuficha tumeshaumizana vya kutosha. Moyo unakwenda kama cherehani iliyokanyagwa bila kitambaa. Mara mbili nimesimama nikaona giza, Msumari akanikalisha. Mkono wa kushoto unakufa ganzi, lakini mkasi nashika kwa wa kulia. Zahanati sijaenda. Watakachosema nakijua, na yule muuguzi ana macho ya huruma, nikiyaona nitavunjika. Wala usije mbio kabla ya siku uliyosema. Ukija utaniomba niache, nami nitaacha kwa sababu ni wewe, na viti vitabaki, na mimi nitabaki, tunatazamana.

Vimebaki kumi na moja. Kisanduku cha kwanza kimekwisha, cha pili kiko nusu. Vitatosha viti. Baada ya viti sijafikiria, na nimejaribu, nikifika hapo naona ukingo wa kitanda na kiatu kimoja mkononi.

Njoo tarehe thelathini kama ulivyosema. Ukumbi utakuwa wazi, nimemwomba mwalimu mkuu akuwekee kiti cha mstari wa mbele, cha kwanza kushoto. Hicho nilikimaliza Aprili, bila kidonge. Kilinichukua siku nne na mshono wake umepinda. Ni changu.

Kisha pita chumba cha kazi. Ukinikuta nimelala, usihangaike kuniamsha. Fanya kama mwalimu mkuu, andika kijikaratasi, uweke juu ya cherehani: "Nilipita."

Shangazi yako,
Mashine